Mama Yangu Si Mjane

Kabla ya safari ile nilikuwa nimevuka mpaka wa nchi mara moja tu, pale Kasumulu, nikiwa na mama na mashangazi wawili, tunakwenda harusi ya binamu Karonga, upande wa Malawi. Tulikaa siku tatu tukarudi. Safari zangu nyingine zote, Mbeya, Dodoma, Dar es Salaam, nilikwenda na mume wangu, au na wanafunzi, au na kundi la walimu wa semina. Sikuwahi kukaa mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayenijua. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Kyela, na kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu habari za nchi za kaskazini ambako kuna miezi jua halizami kabisa. Nilifundisha kwa chungwa na kijiti, kwa sababu tufe la dunia la shule lilivunjika zamani na halikuletwa jingine.

Safari yenyewe haikupangwa iwe ya peke yangu. Shule yetu ina urafiki na shule moja ya Ufini, na walimu wawili tulialikwa kwa wiki moja: mimi, na mwenzangu wa hisabati. Tulijaza fomu pamoja, tukapanda basi pamoja kwenda Dar es Salaam, tukakaa kwenye viti vya ubalozi mmoja pamoja. Mimi nilipewa visa. Yeye alipewa karatasi yenye sababu zilizochapwa tayari, na mtu fulani alikuwa ametia alama ya vema kwenye mojawapo: hakuna uhakika kwamba mwombaji atarudi kwao.

Mwenzangu huyo ni mzee wa kanisa. Ana mke, watoto watano, shamba la kakao lililo mlangoni kwake, na mama mzazi asiyeona ambaye yeye ndiye humwogesha miguu kila jioni. Alisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Nisiporudi kwangu, nitakuwa nimeenda wapi?" aliniuliza. "Nani atavuna kakao yangu? Balozi?"

Nikamwambia basi na mimi siendi.

"Nenda, Mwalimu," akasema. "Nenda ukawaangalie, maana wao wamekwisha kutuangalia."

Kwa hiyo niliondoka nimekasirika. Nalisema mapema ili msomaji asidhani hasira ilianzia dukani.

Wiki ya shuleni sina mengi ya kuilalamikia. Ulikuwa mji mdogo, safari ya saa kadhaa kwa treni kutoka Helsinki. Mwalimu aliyenipokea nyumbani kwake alikuwa mwanamke wa umri wangu, mkimya, mkweli, asiyejua kupamba maneno. Nilipomwambia kwa nini nimekuja peke yangu, akasema, "Ni aibu yetu." Nikampenda kwa hilo. Wanafunzi wake waliniuliza kama tunaishi na simba. Niliwaambia simba sijawahi kumwona nje ya picha, lakini mamba wa Mto Songwe nawajua, na nikawaeleza jinsi mto ule unavyohama mkondo wake mvua zikizidi, mpaka mtu aliyelala Tanzania huamka shamba lake liko upande wa Malawi. Hapo walisikiliza.

Siku mbili za mwisho kabla ya ndege zilikuwa zangu. Mwenyeji wangu alitaka anisindikize Helsinki, nikakataa. Nilimwambia mji ule nilipanga kuutembea na mwenzangu, na kama yeye amezuiwa, basi nitautembea na miguu yangu tu. Alinipa koti lake zito, akanipandisha treni.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Kwetu wakati huo ardhi imepasuka kwa joto na watu wanangoja mvua. Helsinki majani ya miti yalikuwa ya manjano tupu na upepo wa baharini ulikuwa unapita kwenye masikio kama wembe. Nje ya stesheni wamesimama wanaume wakubwa wa mawe wameshika taa za duara, na nyuso zao hazicheki. Nikapanda tramu, nikawasalimu watu kwa Kiingereza. Hakuna aliyeitika. Mwanamke mmoja alivuta mkoba wake karibu. Kwetu hata ukiingia kwenye nyumba ya mtu mliyegombana, unasema "mugonile" kwanza, na yeye anaitika kwanza, ndipo mgombane. Nikakaa na salamu yangu mdomoni. Baadaye nilielewa kwamba hata wao kwa wao hawasalimiani humo, na kwamba kunyamaza ni adabu yao, lakini siku ile sikuwa na moyo wa kuelewa mtu.

Nilitembea mpaka bandarini. Kuna soko pale, la mahema, wanauza matunda madogo mekundu, ngozi za wanyama na vyakula vya moto. Kwenye hema moja nikaona samaki wadogo wamekaangwa wazima wazima, na vichwa vyao, kwenye sinia kubwa la chuma. Nikasema kwa sauti, "Usipa!" Mwuzaji akaniangalia. Nikanunua, nikala kwa vidole nimesimama, na kwa kweli, ukiacha limau, walikuwa usipa wetu wa ziwani kabisa. Nilikuwa nimefika samaki wa nne hivi ndege mkubwa mweupe aliposhuka na kuninyang'anya mmoja mkononi. Nikamtukana kwa Kinyakyusa. Watu wawili waliokuwa karibu wakacheka, na hao ndio watu wa kwanza kucheka na mimi katika mji ule. Kisha nikashuka kwenye ngazi za mawe, nikachovya kidole baharini, nikaonja. Nilikuwa nafundisha kwamba bahari ile ina chumvi kidogo. Ni kweli. Ni kidogo mno.

Mchana nikaingia kwenye maktaba yao kubwa. Sitaificha hasira niliyoipata humo, ingawa haikuwahusu wao. Mtu yeyote anaingia. Hakuna anayeuliza kitambulisho. Kuna cherehani za kushonea bure, kuna vyumba vya kupigia gitaa, na ghorofa ya juu watoto wamelala kwenye zulia wanasoma huku wamevua viatu. Nilikaa kwenye kiti mbele ya dirisha nikafikiria kabati letu la vitabu, ambalo funguo zake anazo makamu mkuu wa shule, na ambalo hufunguliwa mkaguzi akija. Mkoloni hana habari na kabati lile, wala mzungu yeyote. Tumelifunga wenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi aliyewahi kuniomba aruhusiwe kukaa tu karibu na vitabu wakati wa mapumziko, asiguse, akae tu, na mimi nikamwambia atanitia matatani. Nilitoka mle maktaba bila kugusa kitabu hata kimoja.

Siku ya pili, asubuhi, nilikuwa napanda mtaa unaokwenda kwenye kanisa kubwa jeupe lenye makuba ya kijani, nikamwona mama yangu.

Alikuwa dirishani mwa duka la chokoleti, mkubwa kama mlango. Gauni la kitenge cha manjano na bluu, lile nililomshonea mimi mwenyewe Krismasi moja, shingo nikaikosea kidogo, ikavuta upande wa kushoto. Shingo ilikuwa inavuta upande wa kushoto. Ameshika tunda la kakao kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa kubatiza. Anacheka, na lile jino lake la pembeni lililokatika linaonekana.

Kwanza nilifurahi. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baada ya siku tisa za nyuso za wageni, nilimwona mama yangu na nikasogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Ndipo nikajiuliza amefikaje pale.

Maneno ya chini yalikuwa ya Kifini. Nikaingia ndani. Uso wake ulikuwa kwenye kila pakiti, safu kwa safu, rafu nzima ya mama. Nyuma ya pakiti kulikuwa na lugha tatu, na ya tatu ilikuwa Kiingereza. Walimpa jina lingine, jina ambalo si la Kinyakyusa wala la Kiswahili wala la kabila lolote ninalolijua. Wakasema kwamba mumewe alipofariki, mama huyu aliachwa na watoto sita waliokuwa wakilala na njaa katika kibanda cha nyasi. Wakasema hakuwa na tumaini. Wakasema sasa, kwa kila kipande cha chokoleti utakachokula, watoto wake wanacheka tena.

Nikasoma mara ya pili, polepole, kama ninavyowaambia wanafunzi wasome swali.

Watoto sita ni kweli. Mimi ni wa tatu. Wa kwanza ni muuguzi Mbeya, wa mwisho anamaliza chuo cha ufundi. Nyumba yetu ya kijijini Ngonga ni ya matofali ya kuchoma na bati, baba aliijenga kabla sijaanza darasa la kwanza. Na sisi si watu wa kakao. Sisi ni watu wa mpunga. Mtoto wa nyumba ile kulala na njaa ni jambo ambalo hata adui yetu hajawahi kulisema, maana mpunga wa Kyela unanukia mpaka barabarani, na anayepita hukaribishwa.

Msichana wa dukani, mwenye nywele fupi na miwani, akanisogelea akauliza kama ninahitaji msaada.

"Huyu ni mama yangu," nikamwambia.

Akatabasamu. "Ndiyo, ana uso mzuri sana. Wateja wanampenda."

"Hujanielewa. Sisemi anafanana na mama yangu. Ni mama yangu mzazi. Juzi alinipigia simu akaniuliza kama huku kuna ugali."

Nikatoa simu nikamwonyesha. Nina picha nyingi za mama. Katika mojawapo amevaa gauni lilelile, amesimama kando ya baba mbele ya nyumba. Msichana akaangalia simu, akaangalia pakiti, akaangalia simu. Shingo yake ikawa nyekundu, wekundu ukapanda mpaka kwenye masikio.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha baba.

"Huyo ndiye marehemu."

Akaenda kumwita meneja. Meneja alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mpole, sauti ya chini. Upole wake ndio ulionichosha. Alisema labda ni kufanana tu. Nikamwonyesha shingo ya gauni. Alisema labda mama alitia saini akasahau. Nikamwambia mama yangu akitia saini hata daftari la kikundi cha vikoba hukumbuka ilikuwa siku gani na nani alikuwa amekaa wapi. Alisema picha walinunua kihalali, na hadithi haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya mfano, inawakilisha wanawake wengi wa Afrika.

"Kama ni ya wengi, kwa nini umeweka uso wa mmoja?"

"Nia yetu ilikuwa njema."

"Baba yangu yuko hai."

"Nasikitika sana kusikia..."

"Usisikitike! Nakwambia yuko hai!"

Nadhani nilipiga kelele. Watu wa Helsinki hawapigi kelele madukani, na duka zima likasimama. Nikamshika meneja mkono, jambo ambalo pia nadhani halifanyiki huko, nikamvuta mpaka mbele ya ile picha kubwa ya dirishani. Nilikuwa nataka kumwonyesha shingo ya gauni kwa ukubwa. Ndipo nikaona kitu ambacho kwenye pakiti ni kidogo mno kuonekana. Juu ya bega la kulia la mama kulikuwa na vidole vinne vya mtu. Picha ilikuwa imekatwa pale pale, kwenye vifundo vya vidole. Kidole kimoja kati ya hivyo kilikuwa kifupi, hakina kucha.

Baba alikatwa kidole kile na mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga, akiwa kijana. Sisi wote sita tumekua tukishikwa na mkono ule.

"Huu mkono ni wa nani?" nikamwuliza meneja.

Akasogea. Akainama.

"Sikuwahi kuuona," akasema.

"Mumewe alikuwa amesimama kando yake. Mlimkata, kisha mkasema amekufa. Na amemshika bega."

Nikamwambia aiondoe picha. Akasema hana mamlaka, lazima awapigie makao makuu, akaingia ofisini na simu yake. Palikuwa na kiti cha wateja chini ya dirisha. Nikakaa. Kila aliyeingia nikamwambia kwa Kiingereza, bila kupiga kelele sasa: mwanamke huyu ni mama yangu, mume wake hajafa, watoto wake hawakulala na njaa. Wengine walitoka haraka. Wengine waliangalia viatu vyao. Bibi mmoja mwenye mkongojo, aliyekuwa ameshika pakiti tatu, alisoma nyuma ya mojawapo, akazirudisha zote rafuni moja moja, akaja akasimama mbele yangu.

"Baba yako anaitwa nani?" akauliza.

Nikamtajia. Ni jina refu la Kinyakyusa, si rahisi. Alijaribu mara mbili, mara ya tatu akalipata, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetambulishwa kwa mtu, akatoka. Hapo ndipo nilipolia, na niliudhika kwamba nimelia.

Meneja hakutoka ofisini. Aliyetoka stoo ni yule msichana, na ngazi. Alipanda, akang'oa picha pembe kwa pembe, akaiviringisha, akaifunga kwa utepe mwekundu wa zawadi kwa sababu nadhani hakuwa na kamba nyingine.

"Utapata matatizo," nikamwambia.

"Labda," akasema. "Mimi pia nina mama."

Nilipanda nayo ndege. Abiria wa kiti cha jirani aliniuliza kama ni ramani.

Sikuwapigia wazazi simu. Utaanzaje kumwambia mzee kwenye simu kwamba umekuta amekufa? Nilifika Kyela siku ya Alhamisi, Jumamosi nikaenda Ngonga. Baba alikuwa nje anatia mpini kwenye jembe, mama anachambua mchele kwenye ungo. Walinipokea kama mtu aliyetoka vitani. Nilikula kwanza, maana mama hasikilizi habari ya mtu asiyekula. Kisha nikakunjua picha juu ya mkeka.

Mama alipiga kofi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwe! Mkubwa hivi? Na jino langu!" Akamwita baba aje aone. Baba akaja na jembe lake mkononi, akaangalia, akaona vidole.

"Huu si mkono wangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi niko wapi?"

Nikawasomea maneno ya pakiti, niliyokuwa nimeyapiga picha dukani kwa simu. Kiingereza kwanza, kwa sababu baba anakijua kidogo tangu enzi za biashara ya Malawi, kisha nikatafsiri kwa Kinyakyusa, neno kwa neno.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?" baba akauliza.

"Hawakusema, baba."

"Hata ugonjwa hawakunipa." Akaweka jembe chini. "Mtu wa umri wangu akifa hapa, ng'ombe anaanguka. Watu wanakuja kutoka Tukuyu, kutoka Karonga, wanalala hapa siku nne. Hao wamenizika bila hata kuku."

Lakini aliyekasirika zaidi alikuwa mama, na si kwa kuitwa mjane. Alinyanyuka akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Aliporudi mara ya pili alisimama mbele yangu.

"Soma tena hapo pa watoto."

Nikasoma. Watoto sita waliokuwa wakilala na njaa.

"Yule kijana wa picha alikula hapa," mama akasema. "Hapo ulipokaa wewe. Nilimpikia wali na samaki mbasa, akala sahani mbili, nikamwongeza ya tatu, nikamfungia na ndizi mbivu za njiani. Alikuja na pikipiki na kamera, akasema anazunguka kuona nchi. Akataka nishike kakao. Nikamwambia sisi hatuna kakao, akasema basi tuazime. Baba yako ndiye aliyekwenda kuazima kwa jirani! Baba yako mwenyewe! Kijana akasema picha ni ya kumwonyesha mama yake, aone watu waliomlisha." Akageuka kwangu. "Wewe uliwahi kulala na njaa kwangu? Sema. Siku gani?"

"Hapana, mama. Hata siku moja."

"Sasa mimi niende wapi niseme hivyo, wanisikie?"

Habari ilizunguka Ngonga kabla sijamaliza chai. Majirani wakaja kuona. Vijana wakaanza kumwita baba marehemu, "shikamoo marehemu", na siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya pili hakuitika. Ilikuwa Jumapili; mtu alimfanyia utani huo nje ya kanisa, akageuka akarudi nyumbani bila kuingia ibadani, na baba hakuwahi kukosa ibada kwa sababu nyingine isipokuwa malaria. Hapo nilielewa kwamba jambo hili limeingia ndani.

Tukaandika barua. Mama alisema kwa Kinyakyusa, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Alitaka iwe fupi. Mimi ndiye mwanamke wa picha. Jina langu ni hili, si lile. Nina mume, na mkono wake uko begani mwangu, angalieni vizuri. Mgeni wenu alikula kwangu akashiba. Ondoeni maneno yenu.

"Malizia kwamba mume wangu anawasalimu," akasema.

"Usiandike hivyo," baba akasema kutoka barazani. "Sijawasalimu."

Sikuandika.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita kwenye barua pepe yangu. Walishukuru kwa maoni yetu. Walisema picha ilinunuliwa kwa wakala, kwamba wanathamini sana wanawake wa Afrika, kwamba pakiti zilizobaki zitauzwa mpaka ziishe kisha muundo utabadilishwa, na kwamba wangependa kumtumia mama boksi la chokoleti. Hapakuwa na samahani kwa baba. Hakutajwa kabisa, kwenye barua ile pia hakuwepo. Mama aliniambia niwajibu kwamba boksi wampelekee yule kijana, huwa ana njaa sana.

Picha kubwa baba aliichukua, akakata maneno yote ya chini kwa mkasi wa kukatia vitambaa, akayachoma. Iliyobaki ameibandika ndani ya chumba chao cha kulala. Sebuleni hakutaka.

Miezi mitano baadaye mwenyeji wangu wa Ufini, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alikwenda Helsinki kwa shughuli zake akapita kwenye duka lile. Yule msichana wa miwani hakuwepo tena. Hakuweza kujua aliacha kazi au aliachishwa. Muundo ulikuwa umebadilika kama walivyoahidi. Akanitumia picha kwenye simu, mbele na nyuma ya pakiti, bila maneno yake yoyote zaidi ya neno moja: "Samahani."

Mbele kuna mwanamke mwingine. Mdogo kuliko mama, pengine wa umri wangu, amejifunga kitenge chekundu chenye mabawa ya ndege, naye ameshikishwa kakao. Nyuma kuna maneno yaleyale. Mumewe amefariki. Kibanda cha nyasi. Wamebadilisha idadi tu: watoto wanne. Na jina, lile lile walilompa mama, hawakujisumbua hata kutafuta jingine.

Nilimwonyesha mwenzangu wa hisabati ofisini. Aliiangalia, akasema, "Huyo ukimwombea visa ya kwenda kuwauliza, wataandika kwamba hatarudi kwao." Niliwaonyesha wazazi. Mama alisogeza simu mbali, kisha karibu, akitafuta kwenye ukingo wa picha kama kuna mkono wa mtu. Hakuna. Wakati huu wamekata vizuri zaidi. Baba aliuliza kama naweza kumpata mwanamke huyo. Nikasema Tanzania ni kubwa, na huenda si Tanzania hata kidogo.

"Mtafute," akasema. "Mumewe hajui kama amekufa."

Ninamtafuta. Nimeituma picha kwa walimu niliosoma nao chuo, walioko Kilombero na Morogoro na popote panapolimwa kakao. Mmoja wa Ifakara ameniambia kitenge kile kiliuzwa sana kwao mwaka juzi, na kwamba ataulizia kwenye mnada. Wengine hawajajibu bado.